Siku Tuliyomwimbia Editruda Wimbo wa Mazishi

Marahaba, marahaba! Najua hamjaniamkia bado, lakini nawafahamu. Mmeinamia simu, na shikamoo mmeiacha mfukoni. Mimi nimeshaipokea, tuendelee.

Vijana wa parokia yetu hapa Mikese wameniomba niwaandikie jinsi ya kupambana na msongo wa mawazo kwa imani. Walinipa na karatasi yenye vipengele saba vya kufuata. Karatasi ile, mnisamehe, nimeiwashia jiko. Mimi ni nesi mkunga mstaafu, nimekaa zaidi ya miaka thelathini kwenye zahanati moja huko milimani, juu ya Matombo, na nesi hajui kueleza kitu kwa vipengele. Anajua kueleza kwa wagonjwa. Kwa hiyo nitawaeleza kuhusu mgonjwa mmoja aitwaye Editruda, na ugonjwa mmoja uliokuwa wangu mimi mwenyewe.

Tuanze na ugonjwa wangu. Nyinyi mna bahati, mnalo jina lake. Kijana anakaa kwenye kochi anasema "Bibi, nina stress," na watu wanamwonea huruma, wanamletea soda. Enzi zetu ilisemwa tu "Tekla ana mawazo," na dawa yake ilikuwa kuambiwa "acha mawazo." Mtu anaharisha, unamwambia acha kuharisha!

Nilipelekwa kule mlimani nikiwa binti, cheti bado kinanukia wino. Nesi ni mimi, mkunga ni mimi, anayefagia ni mimi. Mama akiingia na uchungu, moyo wangu ulikuwa unadunda kuliko wa mtoto aliyemo tumboni. Usingizi ukakata. Chakula hakipiti. Na woga wote huo niliufungia ndani, kwa sababu niliamini nesi Mkristo haogopi. Akiogopa basi imani yake ni haba na Mungu amemwona. Nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yanauma.

Sasa mtu wa namna hiyo akishika kalamu, tazama balaa lake. Mtoto amezaliwa na kilo tatu nukta mbili, mimi nikamwandikia kwenye kadi kilo thelathini na mbili. Baba yake akasoma, akatoka nje na kadi mkononi kuwatangazia wenzake, na hakuna aliyembishia, maana imeandikwa na nesi. Siku nyingine alikuja mzee wa miaka sabini analalamika jino. Nilikuwa nimehudumia wajawazito tangu alfajiri, ulimi umeshazoea. Nikamuuliza hedhi yake ya mwisho aliiona lini. Mzee akatafakari, halafu akanijibu kwa adabu zote kwamba yeye kwa kweli hajawahi kuiona, labda nimuulize mkewe.

Mnacheka. Hata mimi nacheka sasa. Siku ile nilijifungia stoo ya dawa nikalia.

Aliyenikuta humo stoo ni Sista Anselma. Huyu alikuwa mtawa na nesi mkongwe kutoka misheni ya bondeni, mtu wa Songea, mpana, mwenye mwendo wa taratibu, na kila wiki alipanda na gari la misheni kutukagua. Sikuwahi kumwona akikimbia. Wanawake wa kule walisema hata nyumba ikiungua, Sista atauliza kwanza kama kuna aliyekunywa chai. Alinikuta nimekaa juu ya katoni ya glovu, kamasi mpaka kidevuni, akauliza:

"Unasali?"

"Nasali, Sista."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

"Ndiyo maana," akasema. "Njoo nikuonyeshe pa kunawa mikono."

Nikafikiri bibi huyu amechanganyikiwa, mikono nanawa kila siku. Akanipeleka kwenye beseni, akanipa sabuni ya kipande, akasema kuanzia leo kabla ya kumgusa mgonjwa utanawa kwa urefu wa Salamu Maria mbili, polepole, mpaka viwiko. Sabuni itashughulika na wadudu wa mikononi, sala itashughulika na wadudu wa kichwani, na hakuna mgonjwa atakayekulaumu kwamba umechelewa kwa kusali, maana unanawa. Nikanawa. Nilivyokuwa na haraka, Salamu Maria zangu mbili ziliisha kabla maji hayajafika kwenye vidole. Sista akanitazama.

"Huyo uliyemsalimia hata hajageuka," akasema. "Rudia."

Wanangu, mliosoma mnajua kwamba mtu akivuta pumzi taratibu kwa muda huo, moyo unashuka. Mimi sikujua. Nilijua tu kwamba nikifika "amina" ya pili, mikono imeacha kutetemeka na kichwa kimekumbuka kazi. Hata leo nikiosha vyombo nasali, na vyombo vyangu ni safi kuliko vya jirani yangu mnayemjua.

Kitu cha pili alichonifundisha ni kukabidhi zamu. Kwenye hospitali kubwa nesi hatoki kazini mpaka amkabidhi mwenzake: kitanda namba moja ana hiki, namba mbili aangaliwe kile. Mimi sikuwa na mwenzangu. Jioni nafunga mlango, lakini wagonjwa wote naondoka nao kichwani, nalala nao. Sista akasema, "Yupo wa kumkabidhi. Simama mlangoni, mkabidhi kama nesi mwenzako, kwa majina, halafu nenda ukalale. Asubuhi utachukua zamu yako."

Basi nikaanza. Ila mnajua mdomo wangu. Nilianza na wagonjwa wawili, baada ya wiki namkabidhi Mungu wagonjwa, paa linalovuja, mbuzi wa katekista anayekula maboga yangu, na mama mkwe. Jioni moja nikiwa katikati ya habari za mama mkwe, nikasikia mtu anakohoa. Mzee Shabani, mlinzi wetu, Mwislamu mwema, kasimama na kitabu chake cha wageni.

"Nesi, samahani," akasema. "Huyo mgeni unayezungumza naye sikumwona akipita. Hajasaini."

Nikaona haya, nikamweleza kwamba namkabidhi Mungu zamu. Mzee Shabani akafunga kitabu, akafikiri.

"Basi ukimaliza ya mama mkwe," akasema, "na mimi nitaje. Goti la kushoto."

Tangu siku ile goti la Mzee Shabani liliingia kwenye ripoti ya kila jioni, na yeye akiswali alikuwa ananitaja mimi. Tulikwenda hivyo kwa miaka. Kabla sijasahau: nilipofika umri wa presha, daktari aliniandikia vidonge na nikavimeza, na bado navimeza. Msije mkaniletea imani ya kutupa dawa. Nawa, sali, kabidhi, meza dawa, na ukilemewa nenda kwa wataalamu wenye kazi hiyo. Mungu hana wivu na daktari.

Sasa jambo moja bado lilinishinda. Kwa Mungu nilikuwa nasema yote, lakini mbele ya binadamu bado nilikuwa nesi asiyeogopa. Kumwambia mtu "nimeogopa" niliona ni kukufuru. Hapo ndipo anapoingia Editruda.

Kwanza lazima niwaambie kuhusu uimbaji wangu. Nilifukuzwa kwaya. Sikuacha, nilifukuzwa, tena wiki ya pili. Mwalimu wa kwaya wa kigango alisema sauti yangu inatoka vizuri ila haijui inakoenda. Kwa hiyo nyimbo za misa nilizijua nusunusu. Nyimbo nilizozijua mwanzo hadi mwisho, beti zote, ni za msibani. Msibani hakuna mwalimu wa kwaya anayekunyooshea kidole. Unaimba unavyoweza, na ukikosea watu wanadhani ni kilio.

Ilikuwa masika, wakati wa Kwaresima. Editruda alikuwa binti mchangamfu, mwimbaji wa sauti ya pili, mke wa Damiani, mkulima wa ndizi na pilipili manga. Mimba ya kwanza. Aliingia zahanati na uchungu, nikamfuatilia kama inavyotakiwa, na kufikia asubuhi ya pili nikajua kwamba mtoto hashuki na hatashuka. Nyonga ni ndogo, mama anachoka. Alihitaji upasuaji, na upasuaji uko kituo cha afya kule bondeni. Nikapanda kwenye jiwe lililo nyuma ya choo, maana mtandao wa simu ulikuwa pale tu, nikampigia Sista Anselma. Akasema kwa masika yale gari halitatufikia, anakuja nalo mpaka litakapoishia, sisi tushuke na machela tukutane njiani.

Wabebaji walipatikana haraka, kwa sababu wanaume wa kwaya walikuwa kanisani kwenye mazoezi ya Pasaka. Damiani mwenyewe na wengine saba. Tukamlaza Editruda kwenye machela, tukamfunika shuka, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha, juu yake tukatandaza nailoni nyeusi, tukaacha upenyo wa pumzi.

Machela ina ufundi wake, vijana. Siku hizi mna bodaboda zinazopanda mpaka mlangoni, na kama hamjabeba hamwezi kujua. Watu wanne lazima wakanyage mguu mmoja kwa pamoja, vinginevyo mgonjwa anatikiswa kama maziwa kwenye kibuyu. Kinachowaweka pamoja ni wimbo. Wimbo ukiwa wa polepole, mnalala njiani. Ukiwa wa haraka, mnaanguka. Nikawaambia anzisheni.

Wakaanzisha wimbo wa matoleo. Nani asiyependa wimbo wa matoleo! Tatizo ni kwamba watu wetu hawauimbi kwa koo peke yake, wanauimba kwa miguu: hatua mbili mbele, moja nyuma, bega la kulia, bega la kushoto. Mwili umeshazoea hivyo tangu komunyo ya kwanza. Nikatembea kidogo, nikageuka, naona machela inacheza. Mbele mara mbili, nyuma mara moja, Editruda anayumba ndani ya nailoni.

"Simameni!" nikapiga kelele. "Tunampeleka mgonjwa, hatupeleki mahindi altareni!"

Wakajitahidi kutembea kawaida, lakini wimbo ukifika kiitikio miguu inarudi nyuma yenyewe. Nikaona hapa tutafika kesho. Nikasema nyamazeni wote, nitaanzisha mimi. Kichwa changu kilikuwa kimejaa hofu, kikatafuta wimbo wenye mwendo wa kutembea, hatua sawasawa, mguu mmoja baada ya mwingine. Kikaupata. Nikauanzisha kwa sauti yangu yote.

Ulikuwa ule wimbo tunaoimba jeneza likitoka nyumbani kwenda kaburini.

Mtaniuliza, wabebaji hawakujua? Mtu wa kwaya akisikia wimbo umeanzishwa hachunguzi ni upi, anatafuta sauti yake. Wakadaka. Besi ikaingia, teno ikaingia, Damiani mume wa mtu anaunguruma chini kabisa. Na machela, wanangu, ikatulia kabisa! Tukateremka mlima kwa mwendo mzuri ambao sijawahi kuuona. Nilijisifu moyoni. Nikasema mwalimu wa kwaya angekuwepo leo aone.

Tukapita kitongoji cha kwanza. Watu wametoka vibarazani, wanaume wamevua kofia. Nikaona ni heshima kwa mgonjwa. Kitongoji cha pili, bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba, akajifunga kanga kiunoni na kuingia ndani mbio. Kitongoji cha tatu, kijana akamuuliza mbebaji wa mbele "Nani?" na mbebaji, kwa kuwa yuko katikati ya ubeti, akajibu tu "Editruda" halafu akaendelea na besi. Nyuma yetu nikasikia ukemi wa mwanamke. Nikafikiri ameumwa na nyuki.

Tulipomaliza ubeti wa nne, ndani ya nailoni ikatoka sauti ya pili, nyembamba, imechoka, lakini iko kwenye noti. Editruda anaitikia. Halafu ikakatika, nailoni ikasogea, kichwa kikatokeza.

"Nesi," akasema, "kama nimeshakufa mniambie. Nisiendelee kusukuma bure."

Wabebaji wakasimama ghafla. Wakatazamana. Damiani akafumba mdomo kwa kiganja, kisha akaanza kutetemeka mabega, na sikujua kama analia au anacheka mpaka wote wanane wakaangua kicheko. Editruda naye akacheka, uchungu ukamkamata katikati ya kicheko, akalia, akacheka tena. Nilimwomba radhi nimepiga magoti kwenye tope. Nikasema kuanzia hapa tunahesabu, moja mbili, moja mbili, hakuna kuimba.

Kicheko hicho kiliishia kwenye kona ya pili. Mlima ulikuwa umeporomoka. Tope, mawe na migomba vimekata barabara, upana kama wa uwanja wa netiboli, na upande wa pili limesimama gari la misheni na Sista Anselma kando yake, mwavuli mkononi. Wabebaji wakajaribu kupita. Wa kwanza akazama mpaka mapajani, wakamvuta wawili, kiatu kikabaki. Hatukuwa na jembe hata moja. Nani anabeba jembe anapopeleka mzazi hospitali?

Nikainama kumsikiliza mtoto. Tuna kifaa kama tarumbeta ndogo, unaweka upande mmoja tumboni na mwingine sikioni. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga, lakini polepole kuliko asubuhi. Nikasikiliza tena. Polepole. Editruda alikuwa ameacha kucheka, ameacha hata kulia, anatazama tu mvua. Damiani akaniuliza, "Nesi, inakuwaje?" na mimi nikatoa lile tabasamu langu, nikasema, "Mungu yupo, tutapita." Kisha nikazunguka nyuma ya mgomba mmoja uliobaki umesimama, nikakaa kwenye tope.

Sala yangu pale haikuwa ya kuandikwa kwenye kitabu. Sikunawa, sikukabidhi kwa mpangilio. Nilisema: "Bwana, naogopa. Sijui la kufanya. Hawa wawili watanifia mikononi, na mimi ndiye niliyewaambia watapita. Naogopa mno." Nikarudia "naogopa" sijui mara ngapi, kwa sauti. Nilipoinua uso, Damiani amesimama mbele yangu. Amesikia yote. Nilidhani atanilaani. Akakaa chini karibu nami, bega kwa bega, akasema:

"Afadhali, nesi. Nilidhani naogopa peke yangu."

Hapo ndipo tuliposikia kilio kinateremka mlima.

Kwanza ilikuwa sauti ya wanawake, ile ya msibani yenyewe. Halafu wakatokea kwenye kona, watu labda arobaini, labda zaidi. Mnajua desturi yetu. Msiba ukisikika hakuna anayeuliza maswali. Mwanamume anachukua jembe kwenda kuchimba kaburi, mwanamke anachukua unga, maharage na sufuria kubwa. Vitongoji vitatu vyote vilikuwa vimefuata wimbo wangu. Mbele yao anakuja Mzee Sipriani, mjomba wake Editruda, kaka wa mama yake, na kwetu Uluguru mjomba ndiye mwenye mtoto. Jembe begani, machozi yanachanganyika na mvua, analia, "Mwanangu Editruda, umeniachia nani, umeniachia nani mimi!"

Akaifikia machela, akaanguka juu yake. Nailoni ikafunguka.

"Shikamoo, mjomba," akasema Editruda.

"Marahaba," akajibu Mzee Sipriani, kwa mazoea tu. Halafu akakaa chini kwenye tope kwa makalio yote mawili, mdomo wazi.

Wanawake wa nyuma hawakuona, wakaendelea kulia. Wa mbele wakaanza kukimbia. Mmoja akajikwaa na sufuria, maharage yakamwagika, na aliyetambaa kuyaokota akawa anauliza wenzake kama marehemu anaruhusiwa kuamkia watu. Mzee Sipriani akapata sauti yake, akanigeukia na kidole.

"Nesi Tekla! Umetufanya tulie bure! Nimeacha kahawa yangu imeanikwa, inalowa!"

Siku nyingine ningetabasamu. Siku ile, kwa mara ya kwanza maishani, nikasema mbele ya watu wote, "Mjomba, nimekosea wimbo kwa sababu nilikuwa naogopa. Na sasa hivi naogopa zaidi. Editruda yu hai, lakini tope hili lisipopitika, hamtakuwa mmelia bure."

Damiani akasema taratibu, "Mjomba, umekuja na jembe."

Mzee Sipriani akalitazama jembe lake kama vile amekabidhiwa wakati ule. Akageuka, akawatazama wenzake, na kila mwanamume alikuwa na la kwake. Akasimama, suruali yote tope.

"Tulikuja kuchimba," akasema. "Basi tuchimbe!"

Jamani! Nimeona vingi kazini, sijaona uchimbaji ule. Kaburi huchimbwa kwa huzuni, taratibu. Hawa walichimba kama watu waliorudishiwa mtoto wao, kwa sababu walikuwa wamerudishiwa. Wanaume wakapasua tope kutoka upande wetu, wanawake wakavuta migomba iliyoanguka wakailaza mmoja baada ya mwingine iwe daraja, na Sista upande wa pili anaelekeza kwa mwavuli, huku dereva wake akichimba kwa sufuria tuliyomrushia. Watu wanachimba wanacheka, wanacheka wanachimba. Mtu akazama, akavutwa, akaulizwa kama naye aimbiwe. Mimi sikio langu liko tumboni kwa Editruda, nahesabu moyo wa mtoto, na kila nikiinua kichwa mzee wa jembe la karibu ananiuliza, "Bado anapiga?" Najibu, "Bado!" Naye anawapigia wenzake kelele, "Bado!" na majembe yanaongeza kasi.

Sijui ilichukua muda gani. Machela ikapita juu ya migomba ikielea mikononi mwa watu, sasa si wanne, ni wote, mkono kwa mkono, mpaka ndani ya gari.

Kituo cha afya walikuwa tayari, wakampokea Editruda na mlango ukafungwa. Sisi tukabaki nje na Damiani. Baada ya muda wale wa majembe nao wakafika kwa miguu, hakuna aliyekubali kurudi nyumbani. Wakajaa uwanja mzima, matope mpaka kichwani, kanga za msiba, majembe yameegemezwa ukutani, na wanawake wameshawasha moto nje ya uzio wanainjika yale maharage ya matanga, maana yasije yakaharibika. Daktari alipofungua mlango na kuona umati ule, akarudi nyuma hatua moja.

"Poleni sana," akasema. "Nani amefariki?"

"Ndiyo tunakuuliza wewe!" akasema Mzee Sipriani.

Daktari akanitafuta kwa macho, akaninong'oneza. Nikawageukia watu niwaambie, na maneno yakagoma. Machozi yakanitoka mengi, sauti hakuna, napunga mikono tu. Wanawake waliponiona hivyo, kilio kikaanza upya. Damiani akashika kichwa. Ikabidi daktari wa watu apande juu ya benchi apige kelele:

"Wazima! Wote wawili wazima! Ni wa kike!"

Wa kike! Kwa Waluguru ukoo unakua kwa mtoto wa kike, vijana, msiniulize kelele zilikuwaje. Mzee Sipriani alicheza na jembe lake kama mtu anayecheza na mke. Maharage ya msiba yakaliwa kwa vigelegele, na daktari akaletewa sahani ya kwanza.

Mimi nilijitenga nyuma ya jengo, kwenye benchi la wanaosubiri dawa. Sista Anselma alikuwa ameketi pale peke yake na kikombe cha chai. Nikakaa. Neno "naogopa" nilikuwa nimeshalisema kwa Mungu, kwa Damiani na kwa vitongoji vitatu, lakini kwa huyu lilikuwa zito kuliko kwa wote.

"Sista," nikasema, "leo niliogopa. Na si leo tu. Naogopa kila siku tangu nilipokuja."

Akaendelea kutazama chai yake. Nikafikiri nimemwangusha. Kisha nikasikia mlio mdogo, kikombe kinagongana na kisahani, chai inamwagikia vidoleni. Nikaitazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka yote miwili, mpaka kwenye viwiko, na hakuweza kukifikisha kikombe mdomoni.

"Miaka arobaini, Tekla," akasema Sista Anselma. "Ulidhani nasali hivi kwa sababu siogopi?"

Nikamshikia kikombe, akanywa.